Zahanati Iliyogoma Kuhama

Nchi ya Shangwela haimo kwenye ramani, na msiwalaumu wachora ramani. Walijitahidi. Kila walipotuma mtu kwenda kupima, alirudi akisema wilaya moja imesogea kidogo kumpokea mgeni rasmi, na nyingine ilisogea mwaka jana na bado haijarudi. Mwishowe wakachoka, wakapaka pale rangi ya kijani na kuandika "msitu". Lakini nchi ipo. Ina bendera, ina Rais ambaye wananchi kwa mapenzi yao na kwa mujibu wa sheria humwita Mtukufu, na ina kijiji cha Kitoyo, kule mlimani, anakoishi Bi. Somoe.

Bi. Somoe ni mkunga. Nusu ya watu wa Kitoyo aliwapokea yeye, na nusu iliyobaki ilipokewa na marehemu mama yake, kwa hiyo hakuna mtu kijijini, awe na cheo gani, anayethubutu kumpandishia sauti. Akijaribu, Bi. Somoe humtazama tu na kumwambia, "Wewe ulitanguliza makalio." Mtu hunywea.

Kazi yake aliifanyia kwenye ghala kuukuu la pamba, maana Kitoyo haikuwa na zahanati. Ghala lilikuwa na paa, ila paa na mvua walikuwa wameshaelewana siku nyingi. Humo ndimo Asumini, binti yake wa pekee, alimojifungulia masika yaliyopita. Maji yaliwafika vifundoni, taa ikazimika, na mtoto hakuwahi hata kuonja titi la mama yake. Bi. Somoe hakulia siku ile, alikuwa na wazazi wengine wa kuwahudumia. Alilia baadaye, shambani, peke yake, na alipomaliza akajiambia kwamba anachotaka hapa duniani ni chumba kimoja kikavu chenye mlango unaofungika. Sasa Asumini alikuwa mjamzito tena, tumbo limeshashuka, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya mlima.

Msidhani serikali ilikuwa imeisahau Kitoyo. Haikuisahau hata kidogo. Ilikwenda pale kuweka jiwe la msingi la zahanati mara nne, kila mara jiwe la marumaru lenye jina la kiongozi kwa herufi za dhahabu. La kwanza liliwekwa na waziri ambaye sasa ni marehemu. La pili liliwekwa na waziri aliyekwenda ng'ambo kutibiwa kikohozi, na mpaka leo anakohoa huko huko. La tatu liliwekwa na Mtukufu mwenyewe, enzi hizo akiwa waziri na watu bado wakimwita kwa jina lake. La nne liliwekwa na Mheshimiwa Lutengo, ambaye tutakutana naye hivi punde, maana yuko njiani na ana haraka. Mawe yakabaki uwanjani yakiingojea zahanati. Juu ya la marehemu wanawake walifulia nguo, juu ya la mwenye kikohozi walianika mihogo, na kwenye la Mheshimiwa Lutengo wanaume walinolea mapanga. La Mtukufu halikuguswa na mtu, ingawa kuku walilipenda sana.

Wala hakuna aliyefikiria kuyaondoa, kwa sababu ipo Sheria ya Heshima ya Mawe. Sheria hiyo inatamka kwamba jiwe la msingi ni kiungo cha mwili wa kiongozi aliyeliweka, na kwamba kulitenga na jengo lililokaa juu yake ni sawa na kumkata kiongozi huyo mguu. Anayeruhusiwa kulitenga ni aliyeliweka tu, naye sharti aje mwenyewe, mchana, mbele ya wananchi, na matarumbeta yapigwe. Bunge liliipitisha kwa vigelegele. Kile kipengele cha jengo hakikumsumbua mtu, kwani katika historia yote ya Shangwela hakuna jiwe la msingi lililowahi kupata jengo.

*

Mambo yalibadilika siku Mtukufu alipokwenda ziara nchi za watu akalazwa katika nyumba ambayo asubuhi yake haikuwepo. Wenyeji wakamweleza kwamba nyumba ile ilitoka kiwandani vipande vipande, kuta zikiwa na madirisha yake na mabomba yake, ikafungwa kwa bolti, ikawa nyumba. Mtukufu alisisimka mpaka akaikumbatia. Aliporudi aliivunja Wizara ya Ujenzi, ambayo ilikuwa ikichelewesha maendeleo kwa kutaka kujenga, akaunda Wizara ya Majengo ya Papo kwa Papo na kumkabidhi Mheshimiwa Lutengo.

Basi Mheshimiwa Lutengo akawasili Kitoyo na msafara wa malori. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu, na alianza kuhutubia kabla gari halijasimama.

"Ndugu wananchi! Zama za kukoroga zege tumezizika! Babu zenu walijenga kwa udongo, baba zenu kwa tofali, ninyi mtajenga kwa spana! Nani hapa amewahi kuona ukuta ukishuka kwenye lori ukiwa umeshapakwa rangi?"

Watu wakayageukia malori.

"Nani hapa amewahi kuona dirisha likitangulia nyumba?"

Mzee Ngwali akanyoosha mkono. Alisema yeye analo dirisha, alilinunua ujanani, na bado anaitafutia nyumba yake. Akaombwa akae chini.

Bi. Somoe alikuwa amesimama nyuma, amekunja mikono. Alikwenda pale kucheka, kama alivyocheka kwenye mawe yote manne. Lakini kuta zilipoanza kushushwa mikono ilikunjuka yenyewe. Asikudanganye mtu, zilikuwa kuta nzuri. Zilikuwa nyeupe na laini, nyepesi hata vijana walizibeba huku wanapiga soga, na katikati zilijazwa kitu kama povu gumu ili jua libaki nje na baridi ya mlimani nayo ibaki huko huko. Sakafu ilikuwa ya kupiga maji na sabuni. Bomba lilikuwa limeshatangulia ndani ya ukuta, halihitaji mtu kuja kubomoa ukuta ndipo alipitishe. Fundi mkuu, mtu mnene mpole aitwaye Chande, alikwenda akikaza bolti huku na huku, na umande wa asubuhi ulikuwa haujakauka vizuri wakati mlango uliposimamishwa. Bi. Somoe akaufunga. Ukafungika. Akaufungua akaufunga tena, akaendelea hivyo mpaka Chande akamwomba ampishe apitishe vitanda.

"Asumini!" aliita. "Njoo uone, mwanangu! Njoo uufunge na wewe!"

Kulikuwa na tatizo dogo tu. Kiwanja cha Kitoyo kina mteremko, na jengo lilikuwa linayumba kila mtu akipiga chafya. Chande akasema inabidi wapate vitu vizito vya bapa vya kukalisha pembe nne, na kwamba pengine wamwage zege.

"Zege?" Mheshimiwa Lutengo alishtuka kana kwamba ametukanwa. "Umesema zege mbele ya wananchi? Chukueni yale mawe pale!"

"Mheshimiwa, yale ni mawe ya msingi."

"Na hili ni jengo. Sasa hapo shida yako ni nini?"

Chande akafikiri, asione shida. Jengo likanyanyuliwa, mawe manne yakaingizwa chini ya pembe nne, yakatobolewa, yakafungwa kwa bolti ndefu, na nyumba ikatulia tuli. Ndivyo ilivyotokea, bila hotuba wala ngoma, kwamba mawe ya msingi ya Shangwela yakapata jengo kwa mara ya kwanza. Kuku peke yao ndio waliosikitika.

*

Mtukufu alikuja, akakata utepe, akaugonga ukuta kwa kidole, akasema, "Hiki ndicho nilichokiota," akaondoka na ving'ora vyake. Wazee wakabaki wanamalizia pilau. Bi. Somoe yeye alikuwa ndani anatandika kitanda cha Asumini, aliposikia kitu kinakwaruza mlangoni.

"Chande, unafanya nini hapo?"

"Nafungua mlango, mama."

"Si uko wazi?"

"Nafungua wote, mama. Ndio unaoanza. Halafu kuta."

Bi. Somoe akatoka mbio na shuka mkononi. Mheshimiwa Lutengo alikuwa uwanjani akiwaelekeza wenye malori wageuze.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Hawa vijana wako wanabomoa zahanati."

"Marahaba, mama yangu. Hawabomoi, wanaikunja. Inakwenda Mbangwe, Mtukufu anaizindua kule kesho. Halafu Lusese, halafu nchi nzima mpaka Ndatani."

"Na ya kwetu je?"

"Ya kwenu si imeshazinduliwa?"

"Imezinduliwa, ndiyo. Nauliza itakaa wapi."

Mheshimiwa Lutengo akamshika bega kwa upole, kama mwalimu na mtoto mzito wa kuelewa. "Mama, wewe bado unafikiri kwa matofali. Jengo la kisasa halikai! Huo ndio utamu wake. Zamani ingetulazimu kuwa na zahanati moja kwa kila wilaya. Hebu fikiria upotevu ule! Sasa tunayo moja, na wilaya zote zinayo."

Hapo Bi. Somoe akapandwa na hasira. Aliliona ghala la pamba. Alimwona Asumini amekaa kwenye ngazi ya zahanati, anajishika kiuno, na juu yake mawingu mazito kuliko ya jana. Alitafuta neno la kumrushia yule bwana, neno lolote, na la kwanza kumjia mdomoni akalirusha.

"Haya! Basi na mguu wa Mtukufu mkaukate nyinyi wenyewe, au tuwaitie mchinjaji?"

Spana ya Chande ikaanguka.

Watu wote wakageuka wakatazama chini ya pembe ya kulia, ambako herufi za dhahabu zilikuwa zinang'aa. Mkuu wa Wilaya, aliyepata ukuu kwa kuikariri Sheria ya Heshima ya Mawe, akavua kofia na kuisoma kwa kichwa tangu mwanzo hadi mwisho. Alipofika kwenye "kumkata kiongozi mguu" mafundi walikuwa wameshateremka wote, na mmoja alikuwa anairudishia ile bawaba aliyoilegeza huku anaiomba radhi.

"La kwangu nalibandua sasa hivi!" alipiga kelele Mheshimiwa Lutengo. "Ni mchana, wananchi wapo, pigeni matarumbeta!"

Yakapigwa. Akalifungua jiwe lake kwa mkono wake mwenyewe, nyumba ikamwinamia, akalifunga upesi. Hata lake lingetoka, yangebaki matatu. Marehemu asingeweza kuja mwenyewe, si mchana wala wakati mwingine. Mwenye kikohozi alipigiwa simu, akakohoa, akakata. Na kuhusu la Mtukufu, ilibidi mtu mmoja aende akamweleze kwamba anaombwa arudi Kitoyo kulibandua jiwe lake kwa sababu zahanati zake zote ni hii moja. Mheshimiwa Lutengo akawatazama wasaidizi wake, nao wasaidizi wakatazama viatu vyao.

*

Mheshimiwa Lutengo alikwenda akakaa kwenye ngazi, kando ya Asumini, ameshika tama. Bi. Somoe akamletea uji, maana hasira ni hasira na mgeni ni mgeni. Alikunywa polepole, akikodolea macho mlima. Kikombe kilipokaribia kwisha akasimama ghafla.

"Kama zahanati haiwezi kwenda Mbangwe," alisema, na macho yakamtoka, "basi Mbangwe ije hapa!"

Na ikaja. Mbangwe ilifika kwa pikipiki, ikiwa imefungwa kwa kamba nyuma ya dereva, ubao wa bluu ulioandikwa KARIBU MBANGWE. Mkuu wa Wilaya wa Mbangwe alifuata na suti yake. Ubao wa Kitoyo uling'olewa, ule ukachomekwa, na wanakijiji wakaelezwa kwamba kesho wao ni watu wa Mbangwe.

"Watu wa Mbangwe wanaongeaje?" aliuliza Mzee Ngwali.

"Kama ninyi," akajibiwa, "ila wanashukuru zaidi."

Kesho yake msafara wa Mtukufu ulitoka Ikulu, ukauzunguka mlima, ukateremka bondeni, ukapanda kwa upande wa pili, ukasimama kwa chakula cha mchana mahali penye upepo mzuri, ukauzunguka mlima tena, na hatimaye ukaingia Mbangwe umechoka sana. Wananchi walishukuru. Mtukufu akakata utepe. Alipokuwa anakagua vitanda akamtazama Bi. Somoe kwa kitambo.

"Mama, mimi na wewe tumeonana wapi?"

Mheshimiwa Lutengo akafumba macho.

"Sidhani kama tumeonana, Mtukufu," alisema Bi. Somoe. "Sisi wakunga wa siku hizi ndivyo tulivyo. Tumetoka kiwanda kimoja."

Mtukufu akacheka mpaka miwani ikateleza. "Umesikia, Lutengo? Hata wakunga! Hiyo ndiyo nchi ninayoitaka!"

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama gurudumu. Ubao ulitoka, ubao ukaingia. Wanakijiji waligeuza kofia, wakabadilishana kanga, wakajifunza kushangaa upya. Mzee Ngwali, aliyegundulika kuwa na kipaji, alikuwa mzee maarufu wa kila wilaya, na katika kila wilaya alikuwa na kilema tofauti. Mbao zilizokwishatumika ziliegemezwa nyuma ya zahanati, wilaya juu ya wilaya.

Siku ya Lusese mvua ilishuka. Mtukufu alikuwa ameketi chini ya turubai, Mheshimiwa Lutengo ameshika kipaza sauti, na Asumini, aliyekuwa akiigiza mjamzito wa Lusese kwa ustadi mkubwa, akamshika mama yake mkono. "Mama, imeanza."

Bi. Somoe akamwingiza ndani, akaufunga mlango. Ukafungika. Nje mvua ilizidi, ikalipiga paa mpaka hotuba haikusikika, na Bi. Somoe alifanya kazi yake huku jicho moja liko darini, anangoja tone la kwanza. Mikono yake ilijua la kufanya, lakini moyo ulikuwa ghalani, kwenye yale maji. Hakuna tone lililoanguka. Taa iliendelea kuwaka. Na mtoto alipolia, msichana, mwenye hasira za bibi yake, Bi. Somoe akaketi sakafuni, kwenye sakafu kavu, akalia kwa sauti bila kumwonea haya mtu.

"Ni nini hicho?" aliuliza Mtukufu huko nje.

"Ni raia, Mtukufu!" alijibu Mheshimiwa Lutengo. "Amezaliwa papo kwa papo!"

Mtukufu akampa mtoto jina la Lusese, kwa heshima ya wilaya. Siku iliyofuata, katika wilaya nyingine, akasikia tena mtoto analia, akafurahi, akampa jina la wilaya hiyo. Ziara ilipokwisha mtoto alikuwa na majina ya nusu ya nchi. Asumini alimwita Tulia.

Wilaya ya mwisho ilikuwa Ndatani. Mtukufu, akiwa anaelekea kwenye gari, akajikwaa pembeni mwa zahanati. Akainama. Akalisoma jina lake, lile la zamani, ambalo hakuna aliyemwita kwalo kwa muda mrefu.

"Lutengo," alisema polepole, "mimi niliwahi kuweka jiwe huku Ndatani?"

Mzee Ngwali akasahau kuchechemea.

"Mtukufu," alisema Mheshimiwa Lutengo, "hakuna mahali ambapo hukuweka."

Mtukufu akalipapasa jiwe kwa kiganja. Machozi yakamlenga. Akapanda gari, na kabla hajafika Ikulu Mheshimiwa Lutengo alikuwa ameshateuliwa kuwa Waziri Mkuu.

*

Redio ilitangaza kwamba kila wilaya ya Shangwela sasa ina zahanati ya kisasa, kavu, yenye mlango. Kitoyo walisikiliza, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bi. Somoe naye alicheka. Alikuwa amepata alichokitaka. Nyumba ilikuwa imesimama juu ya miguu ya wakubwa na hakuna wa kuiondoa, na ndani yake Asumini alikuwa ananyonyesha.

Asubuhi moja alikuwa anadeki sakafu aliposikia hodi. Mlangoni alisimama mwanamke kijana, kanga imejaa vumbi, tumbo liko mbele yake, mkono mmoja umeshika kizingiti. Nyuma yake mama mkwe wake alikuwa amekaa chini, hawezi tena kusimama.

"Shikamoo, mama. Tumetoka Mbangwe," alisema yule kijana. "Tulisikia redioni zahanati yetu imefunguliwa. Tumeitafuta Mbangwe yote, hatukuiona. Mwenye pikipiki mmoja akatuambia alileta ubao huku." Akamtazama mama mkwe wake. "Ni kweli iko huku, mama? Au tumepotea?"

Bi. Somoe akaacha kudeki. Kicheko chote cha siku zile kilimwisha, akaona aibu, yeye ambaye hakuwa waziri wa chochote. Kumbe alipokuwa akiwachekesha wakubwa alikuwa akiazima jina la watu hawa.

Akazunguka nyuma ya nyumba. Akapekua mbao mpaka akaupata alioutaka, akaufuta vumbi kwa upindo wa kanga yake, akarudi na nyundo. KARIBU MBANGWE. Akaupigilia juu ya mlango, akamshika yule kijana mkono.

"Hamkupotea, mwanangu. Pita ndani. Umefika kwenu."

Kisha akamwita Asumini achemshe maji, akatazama chini ya mlima. Njiani kulikuwa na wengine wawili wanapanda polepole, na hakuweza kujua kwa mbali ni wa wilaya gani. Nyundo akaiacha pale pale kizingitini.